Nyumba Isiyopanda Ngamia

Jumatano, tarehe kumi na mbili Februari, saa kumi kasorobo alasiri, Ayeeyo Barwaqo, yaani Bibi Barwaqo, aliomba aegemezwe ukutani, akamwita mwanawe Salat na mjukuu wake Hani, binti wa marehemu kaka yake Salat, aliyetoka chuoni kuja Garissa kumuuguza. Hani alikaa karibu na mlango, uliofungwa kuzuia vumbi.

"Sikilizeni, wanangu, na usinikatize, Salat, maana pumzi yangu ni maji, ikimwagika haizoleki. Mbuzi walioko Bura wagawanywe kama sharia inavyoagiza. Dada yangu Weris, aliyesema mbele ya wageni wa harusi kwamba aqal yangu, nyumba yangu ya fito na mikeka, imepinda kama ngamia mgonjwa, nimemsamehe. Lakini mkumbusheni yake ndiyo iliyoanguka kwanza.

Tangu nyonga ivunjike nimelala katika chumba hiki cha mawe, dirisha liko juu nione mbingu tu. Salat alinijengea kwa mapenzi, na mapenzi nayo hufunga mlango. Siku moja Hani akasahau penseli kitandani. Mimi, ambaye sikushika kalamu tangu kuzaliwa, nikachora aqal kwenye katoni ya pasta, ufito kwa ufito, nikasahau maumivu, nikasahau hata chai ikapoa. Nikachora msikiti, nikachora soko la mifugo, nikawa nalilia katoni kama mtoto anavyolilia maziwa. Kila nyumba niliichora mara mbili, imesimama na imepakiwa juu ya ngamia, kwa kuwa kwetu mwanamke hajaijua nyumba mpaka ajue kuivunja na kuihamisha. Kisha nikachora hii ya Salat. Ilikubali kusimama. Nikamchora ngamia, akapiga magoti, akangoja, nami nikakosa pa kuanzia, maana ukuta haukunjiki. Ndipo nilipojua niko wapi.

Fito na mikeka yangu viko stoo. Mjukuu hana fungu katika mirathi akiwa na ami yake, basi vitu hivyo namwachia Hani kwa wosia huu. Aisimamishe uani, mnilaze humo ningali hai."

"Hooyo, mama yangu, majirani watasema tumekutupa nje!" Salat alimkatiza.

"Waache waseme. Maneno hayavunji mfupa, na wangu umeshavunjika. Hani... mlango usielekee upepo. Uanze na fito nene... Mwenyezi Mungu awape nyumba zenye baraka... na njia ya kutokea. Nimechoka. Nendeni. Mlango... msiufunge."

Salat aliufunga.

Asubuhi yake Hani aliufungua, akauegemeza jiwe. Uani, mahali pekee palipoitosha aqal, Salat alikuwa ameegesha gari lake. Hani hakuthubutu kumwomba alisogeze. Alishika mchoro wa aqal, akachimba shimo mbele ya gurudumu, jingine nyuma yake, akaendelea kulizunguka gari lote. Salat alitoka na funguo mkononi, akasimama. Hani akachomeka ufito wa kwanza na kuupinda juu ya boneti.