Kitalu Kilicho Ukingoni mwa Jicho

Wapendwa, kabla sijasema lolote: mzee wetu uliyekaa safu ya nyuma, kifungo cha pili cha koti lako kinaning'inia. Kishone kabla hakijaanguka. Mnacheka? Chekeni tu. Mimi kukiona kifungo hicho nikiwa nimesimama hapa mbele ndiyo shukrani yangu ya leo. Bwana asifiwe!

Wengi mnanijua kwa kitalu changu cha kahawa pale Igamba. Wasionijua wajue kwamba jicho langu la kushoto liliharibiwa na surua nikiwa mdogo. Nimekua, nimeolewa na nimelea watoto kwa jicho moja, la kulia, na sijawahi kulilalamikia. Kwa jicho hilo nilikuwa nashika mche mchanga, nautazama mzizi, najua papo hapo: huu umenyooka, panda; huu umepinda, tupa. Ukikosea, mkulima anahangaika miaka na mti usiozaa.

Ikaja ile miaka biashara ya kahawa ilipoachiwa watu binafsi. Kila mtu akawa anauza dawa ya kupulizia, nyingine kwenye chupa za soda, haina hata maelezo. Siku moja napulizia, mpira wa bomba ukachomoka, dawa ikanirukia usoni. Jicho la kulia! Mama yangu, nilipiga kelele shamba zima likasikia. Nikaosha kwa maji ya ndoo, maumivu yakapungua, nikasema yamepita.

Wapi! Kidonda kilifunga, kikafunguka, kikafunga tena, kikafunguka. Asubuhi nikifumbua jicho, kope zinabanduka kama plasta. Zahanati walinipa matone, nami nikawa natia siku likiuma tu. Lisipouma, chupa inakaa dirishani, mimi niko jikoni na moshi wangu. Ukungu ukaingia. Kwanza sikuiona mizizi, kisha majani, mwishowe nikawa nawatambua wanangu kwa sauti. Nawaambia ukweli, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Mume wangu akanipeleka Mbeya kwa daktari wa macho. Ndugu zangu, yule mtu ana subira! Alinimulika muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mama, unafanya kazi gani?"

"Natunza kitalu cha kahawa."

Akacheka. "Basi utanielewa haraka. Kioo cha jicho kina ngozi nyembamba inayochakaa na kufanywa upya kila siku. Kitalu cha ngozi hiyo kiko ukingoni, pale weusi unapokutana na weupe. Humo zimo seli shina, ndizo zinazozaa ngozi mpya. Dawa imeunguza upande mmoja. Upande wa pili bado zipo hai, ila zimechoka. Jicho lako lina uvimbe wa muda mrefu, halafu ni kavu. Ngozi mpya ikitoka, inabanduka kabla haijashika."

Nikamkatalia. "Kavu vipi, daktari, na machozi yananitiririka mchana kutwa?"

"Hayo ni ya kuwashwa. Yanamwagika tu, hayakai kulilowesha jicho."

Nikamwambia basi anipasue, anipandikizie hizo seli, nirudi kazini. Akaniuliza, "Wewe unapandikiza miche kwenye udongo uliokauka kama majivu?"

Jamani! Mimi ninayewafokea watu kila kiangazi! Mimi ninayesema mche haumwagiliwi ukishanyauka, unamwagiliwa ili usinyauke! Na jicho langu nilikuwa nalimwagilia likishanyauka. Akanieleza: matone ya kulowesha mara kwa mara, liume lisiume. Dawa ya uvimbe kwa kipimo chake tu, maana ikizidi nayo inadhuru. Nikilala, mafuta ya jicho. Moshi, marufuku. Tukitulize kitalu kwanza, akasema, tuone kilichobaki kitafanya nini.

Sasa nani atanitilia? Mimi nikiona chupa tu nafumba. Hapo ndipo alipoingia wifi yangu, dada wa mume wangu. Mimi na yeye tulikuwa hatuivi. Siku ya posa alisema mbele za watu kwamba kaka yake anaoa jicho moja. Basi mtu huyo huyo alifunga kibanda chake cha vitenge kule Chapwa, akapanda gari, akaingia kwangu na begi.

"Wifi, umebakiwa na hilo moja, nalo unalifanyia mchezo? Lala chali."

Akawa anapika yeye, moshi anaula yeye. Akinikuta kitaluni, ananilaza palepale kwenye majani, matone yanaingia. Nikikunja uso, ananifinya sikio kama mtoto. Na kila asubuhi ananiletea mche mmoja. "Umepinda au umenyooka?" Nabahatisha, nakosea. Anasema, "Haya, kesho," kama vile hakuna tatizo. Baadaye niliambiwa alikuwa akitoka nje analia.

Uwekundu ukatoka taratibu. Kope zikaacha kubanduka. Asubuhi moja akaleta mche wake, nami nikaona kitu chembamba, cheupe, kimejikunja nchani. Nikasema, "Wifi, huo umepinda. Tupa."

Alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja na majembe wakidhani kuna nyoka! Na mche hakuutupa. Aliupanda nyuma ya jiko, ananiambia nisiuguse, mimi mtaalamu mzima. Mpaka leo upo. Hauzai, na hakuna atakayeung'oa.

Upande ule uliounguzwa una ukungu kidogo hadi leo, na matone naendelea nayo. Ila kazi yangu nimeirudia. Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari, namshukuru mume wangu. Nawe mwenye jicho jekundu, linalokwaruza kama lina mchanga, usingoje liume ndipo ulikumbuke, wala usitiwe kitu jichoni na jirani. Nenda ukapimwe, na ukipewa matone uyatie hata siku unayojiona mzima.

Wifi, najua uko hapa, unajifanya unamfunga mtoto kitambaa. Simama watu wakuone. Mimi nakuona.