Maisha ya Dada Yetu, Mama Risasi wa Maabara

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi wa ofisini mliokuja kutushika mkono, mimi ni mdogo wake marehemu, fundi viatu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu tangu alipozaliwa hadi alipotutoka, na nitayasoma yote.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika zahanati iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mama mshonaji na baba dobi, na tangu utotoni alikuwa mbishi, mama akisema chumvi imetosha yeye anataka kujua imetosha kwa kipimo gani, mpaka akawa anafukuzwa jikoni kwa mwiko.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akaendelea na sekondari hadi 1981, akamaliza chuo cha ufundi wa maabara Juni 1985, na tarehe 3 Februari 1986 aliajiriwa katika maabara ya kupima vyakula, chumba cha mwisho ghorofa ya chini, chenye dirisha moja lisilofunguka, akaanza kwa kuosha chupa, kisha akapima maziwa, mafuta na viungo. Tarehe 8 Desemba 1990 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme, wakajaliwa watoto watatu, muuguzi, dereva wa lori, na kitinda mimba ambaye ni mwalimu, wote wako hapa na macho yao mnayaona.

Sasa mwaka 2009. Juzi Alhamisi mkuu wa maabara alikuja nyumbani kutupa pole, akanywa chai yetu, kisha akatuomba kwa upole tuuruke mwaka huo, kwa heshima ya msiba, tukamsikiliza, tukamwongezea chai, lakini mwaka huo haurukiki, maana ukiuruka hutabaki na dada yetu, utabaki na muosha chupa.

Mwezi Mei mwaka huo marehemu alikusanya unga wa manjano, kile kiungo cha mchuzi, kutoka maduka kumi na mawili, akakuta risasi katika pakiti tisa, na nawaomba msicheke kama walivyocheka wenzake siku walinzi wa getini walipompekua mkoba wakitafuta bunduki, ndipo alipopata jina la Mama Risasi, kwani risasi aliyoisema yeye ni yale madini mazito yaliyomo kwenye rangi iliyotiwa ili unga ung'ae dukani, na mtoto anayeila kidogo kidogo kila siku huharibika ubongo taratibu, bila homa wala kikohozi. Mkuu huyu huyu alimwambia kiasi chenyewe ni kidogo, hakina neno, naye akamjibu, "Kidogo kwa nani?", akabeba mizani, akapita mtaa mzima akipima uzito wa watoto na chakula kinachoingia kwenye sahani zao, akapiga hesabu upya kwa mtoto wa kilo kumi, na jibu likawa baya.

Aliambiwa aandike "inafaa", akaandika "haifai", akasaini, ila nafasi ya sahihi ya mkuu ikabaki wazi, na bila sahihi hiyo, wakasema, ripoti si ripoti. Walimshusha stoo kuhesabu chupa kwa miaka kumi na miwili, lakini mdomo hawakumfunga, kila Jumamosi alikuwa sokoni akiwahimiza akina mama wanunue manjano mazima wakasage wenyewe, wenye maduka wakimwita kichaa, na mwaka jana pakiti zile zile zilipimwa tena kwa ombi lake, zikakutwa vile vile, na leo asubuhi zilikuwa bado zinauzwa.

Alistaafu tarehe 14 Machi 2021, akaanza kuugua figo Agosti 2022, na wale wanaonong'ona kwamba alijitakia kwa kushika sumu wakome, figo zilichoka, basi, akalazwa mara tano, na Jumanne tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, akafariki akiwa ameshikwa mkono na binti yake. Inatuuma sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotuletea maji, viti na maturubai, na wafanyakazi wenzake, hasa wale wawili waliompimia pakiti kimyakimya, ambao hatuwataji wasije nao wakapelekwa stoo. Tunamshukuru mkuu kwa shada la maua, ni zuri kweli.

Nakala mia tatu za ripoti ya dada ziko mezani, kando ya kitabu cha rambirambi, majina ya pakiti zote tisa yako ukurasa wa nne, kila mwenye jiko achukue yake. Ile ya juu kabisa msiiguse, ndiyo yenye sahihi moja, kalamu iko hapo hapo, na mkuu ameketi safu ya pili. Dada yetu, wewe pumzika kwa amani, sisi tunamsubiri mezani.