Mama Mektilda na Josho la Siku Moja

Bariadi, 30 Juni 2025
Kwa Mama Mektilda Ndaki, Afisa Mifugo wa kata yetu

Leo Mama Mektilda anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Alifika mwaka 1994 na baiskeli, buti za mpira na Kisukuma cha nyumbani kwao Malampaka. Kitaturu alijifunzia joshoni, mifugo inapoogeshwa dawa ya kupe. Salamu yake ya kwanza iliwachekesha wazee mpaka ng'ombe wakatoka kwenye foleni.

Hapa kwetu Wasukuma na Wataturu huogesha mifugo kwenye josho moja. Mwaka 2011 vijana walipigana fimbo wakigombea foleni, na mkutano ukataka kila kabila liwe na siku yake. Mama Mektilda alikubali: Wasukuma Jumanne, Wataturu Ijumaa. Haikupita miezi miwili, ndama wakaanza kufa kwa ndigana, homa inayoletwa na kupe. Wa Ijumaa wakasema wanaachiwa dawa iliyozimuliwa kwa maji. Wa Jumanne wakasema kupe wanaletwa na wa Ijumaa. Mikuki ikaanza kunolewa.

Wengine tungetafuta wa kumlaumu. Yeye alisimama mkutanoni akasema, "Kosa ni langu. Nimetenganisha watu, kupe wameungana."

Akarudisha siku moja, Jumanne, na foleni moja, aliyetangulia ametangulia, ili kupe wasipate mifugo isiyoogeshwa ya kuhamia. Dawa ikawa inapimwa mbele ya wote na watu wawili, Msukuma na Mtaturu: marehemu mume wangu Limbu, na Mzee Gidamis. Mmoja alishika kopo, mwenzake akamimina. Wiki iliyofuata wakabadilishana. Limbu alizoea kumwambia, "Mimina vizuri, mzee, hiyo siyo pombe." Mzee Gidamis alijibu kwamba ingekuwa pombe, kopo lisingefika joshoni likiwa limejaa. Tangu siku hizo hakuna aliyemwaga damu pale.

Limbu alipofariki mwezi Machi, Mama Mektilda alikuja na Wataturu kumi na wawili. Mzee Gidamis alishika koleo, akakataa kupokewa mpaka kaburi likakamilika.

Sasa wapo wanaonong'ona kwamba Mama akiondoka, siku zigawanywe tena. Ofisi ya kata imesema hapana. Kesho ni Jumanne. Kopo la Limbu ninalo mimi, karani wenu, na Mzee Gidamis atamimina.

Asante, Mama, kwa kukiri kosa mbele yetu; hapo ndipo tulipojifunza. Uwe na afya, na mvua isikupite huko Malampaka. Ukisikia kengele za ng'ombe Jumanne asubuhi, utukumbuke.

Nyanjige Limbu, Karani wa Kata