Simu Iliyolia Gihosha: Wasifu wa Dada Yetu Lisette Nahayo (1981–2025)

Lisette Nahayo alizaliwa Nyakabiga tarehe 9 Mei 1981, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Déogratias na Mama Dévote. Mimi Eddy ni mdogo wake, na aliniamrisha tangu nilipoanza kutambaa.

Alisoma shule ya msingi Nyakabiga, kisha uuguzi Gitega. Huko, akiwa na miaka kumi na minane, aligundulika kuwa na kisukari. Alificha sindano zake chini ya godoro ili wenzake wasijue, na aibu ile aliichukia maisha yake yote.

Mwaka 2004 alianza kazi katika kliniki moja ya Rohero. Kuanzia 2021 aliwafundisha vijana wenye kisukari kutumia kapteri, kile kidude kinachobandikwa mkononi, kinachopima sukari na kupeleka namba kwenye simu. Sukari ikishuka, simu hulia. Lisette alisisitiza kila kijana awe na mtu wa pili, ambaye simu yake italia pia. Wasio na mtu walimweka yeye. Siku Chanelle, mmoja wao, alipotolewa mahari, simu ya Lisette ililia katikati ya hotuba. Aliinuka na Fanta mkononi, akapita mbele ya wazee wote.

“We Chanelle, kunywa kwanza! Inkwano itangoja, sukari apana.”

Wakwe walinuna kidogo, kisha wakacheka. Ndoa ipo mpaka leo.

Yeye aliolewa na Révérien tarehe 16 Agosti 2008. Révérien alifariki mwaka 2013, na Mungu hakuwa amewajalia mtoto. Tangu hapo aliishi peke yake Gihosha, akipika chakula cha mtu mmoja, redio ikiwa wazi mchana kutwa ili nyumba isinyamaze. Tulimwomba ahamie kwetu Kinindo. “Apana,” alisema, “simu yangu aitawaacha mulale.”

Naye alivaa kapteri. Vijana walimsihi mara nyingi awe na mtu wake wa pili. “Mi niko infirmière, muuguzi mwenyewe,” aliwajibu, “nitajisikia.”

Jumamosi tarehe 18 Oktoba 2025 alirudi kutoka kazi za jamii, akajilaza bila kula. Sukari ilishuka. Simu ililia muda mrefu, na jirani yake, Mama Sephora, aliisikia akianua nguo.

“Nilisema ni wale watoto wake,” alituambia akilia. “Simu ya Lisette inaliaka kila siku.”

Hatumlaumu, sote tungesema hivyo. Safari hii namba iliyoshuka ilikuwa ya Lisette mwenyewe. Chanelle alimkuta jioni, amekwisha kufariki. Inaniuma sana kwamba aliyewasikiliza watu wengi hivyo hakuwa na wa kumsikiliza.

Ameacha mama yake Dévote, mimi mdogo wake, wifi yake Joëlla, na vijana wote waliomo kwenye simu yake. Simu hiyo ninayo mimi, sijaizima. Jana ililia, alikuwa Destin, mmoja wa vijana hao. Nilimpigia kwa simu yangu, akanywa chai yenye sukari, akauliza ni nani anayempigia.

Dada, pumzika kwa amani. Nilimwambia Destin ni mtu wake wa pili.