Makala ya Ndoo

Mbele yangu, garini kwenda Nyabiondo, Nyiraneza alipakata mfuko wa makala, yaani makaa mapya ya ndoo yake, inayochuja madini yenye sumu kwenye maji ya mto. Fundi Kasika, aliyeketi naye, alimsifu.

“Kila miezi tatu ninabadilishaka, Papa,” alisema kwa furaha.

“Na makala ya zamani unatupaka wapi?”

“Kutupa makala? Unanichekesha! Ninaanika, ninapatia Murekatete, mujane wa pembeni yetu. Iko na mimba, njo hiyo makala anapikia.”

Kasika hakucheka. “Mama, ile sumu yote inabakiaka mu makala. Akipika, anaivuta mu moshi.”

“Lakini ninamupatiaka kwa mapendo,” alisema, kana kwamba moshi ungemsikia.

Gari liliposimama, Nyiraneza alishuka akikimbia kuelekea kwa Murekatete, akausahau mfuko. Kasika aliubeba, akamfuata.