Mungu Aliniokoa na Baridi ya Bujumbura

Bwana asifiwe, ndugu zangu, asifiwe na sisi sote tunaotokwa na jasho humu ndani! Mnanijua kwenye kwaya, na wengine tunakaa pamoja Musaga. Leo mnijue kwenye kazi yangu. Mimi ni muganga wa usingizi: mgonjwa akipasuliwa, mimi ndiye ninayemlaza, ninayemlinda na ninayemwamsha. Nilijiona hakuna wa kunifundisha kazi hiyo. Kiburi, ndugu zangu, kilinijaa mpaka kooni.

Asubuhi moja aliletwa Goreth, mshonaji wa Cibitoke, afunguliwe kifua, maana usaha ulikuwa umebana pafu lake. Mama yake alikuwa ameteremka kutoka Bugarama, kule milimani kwenye ukungu, na blanketi zito la sufu. Alinisimamisha mlangoni.

"Muganga, mufunike mutoto wangu. Asipate baridi."

Nilicheka! Nikamjibu mbele ya watu, "Mama, huku ni Bujumbura, apana kwenu Bugarama. Huku akuna mutu anakufa na baridi." Nikamrudishia blanketi lake. Akalipokea, akaelekea uani.

Ndani ya chumba cha upasuaji, daktari anayepasua alilalamika joto. Nikawasha klimatizeri, ile mashine ya kupoza hewa, mpaka mwisho. Kipimajoto cha mgonjwa nilikiacha kwenye droo, kwani katika mji huu kina kazi gani? Ndugu zangu, mambo haya niliyasoma shuleni! Mtu aliyelazwa kwa dawa hatetemeki, mwili wake hauwezi kujipasha moto, na damu ikipoa haigandi upesi. Na kifua kikiwa wazi, joto linatoka kama kwenye nyumba iliyoachwa mlango wazi. Nilijua, nikadharau.

Baada ya saa mbili hivi daktari akasema, "Damu inakatala kuganda. We unaona nini uko?" Nikatazama skrini: moyo ulianza kwenda ovyo. Nikaingiza mkono chini ya shuka, nikamgusa Goreth shingoni. Baridi! Baridi ya chupa iliyotoka kwenye frigo. Nikachukua kipimajoto: thelathini na tatu, na mtu mzima wa afya ana thelathini na saba! Nilikuwa ninamuua mtoto wa watu kwa mikono yangu, na hospitali yetu haina mashine ya kupasha wagonjwa moto.

Nikalia moyoni, "Yesu, nisaidie mimi mjinga!" Nikazima klimatizeri. Nikaweka mifuko ya serumu, yale maji ya kutundikiwa mgonjwa, kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Kisha nikamtuma dada anayetusaidia ndani akimbie kwa yule mama niliyemcheka, amwombe blanketi.

Akarudi mbio. Ndugu zangu, blanketi lilikuwa la moto! Nilipomrudishia, mama yule hakulikunja. Alilianika uani kwenye jua kali, akakaa kando yake akingoja. Na wanawake waliomsindikiza walivua vitenge vyao vya juu, navyo vikaja. Tukamfunga Goreth miguu na kichwa, mbali na kidonda. Serumu ya uvuguvugu ikawa inaingia. Polepole, polepole, thelathini na nne. Niliomba bila kufumba macho. Thelathini na tano! Moyo ukashika mwendo wake, na daktari akasema damu imesimama. Haleluya!

Goreth alipoamka, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza nani amemfunga kitenge cha shangazi yake kichwani. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, daktari na sisi wote.

Lakini mimi nilikuwa bado na mzigo wangu. Nikamfuata mama uani, nikapiga magoti, nikamweleza yote: klimatizeri, droo, kicheko changu. Nilingoja anitukane, hata anishitaki. Akanishika bega, akaniambia, "Mwanangu, tangu muliingia, nilikuwa ninaombea we. Mutoto wangu alikuwa amelala, akuna kitu alikuwa anaweza. We ndo ulikuwa na uhai wake mukononi."

Nililia kama mtoto, ndugu zangu. Mtu niliyemdharau ndiye aliyekuwa amenibeba mbele za Mungu.

Nimefunguliwa! Siku hizi kipimajoto kinatangulia kisu, na mama wa mgonjwa akisema neno, ninasimama ninamsikiliza. Namshukuru Mungu kwa uhai wa Goreth, na kwa aibu aliyonipa. Na wewe uliyeketi hapo, unayejua kila kitu mpaka umeacha kuomba msaada, njoo kwake leo hii. Alinipokea mimi mjuaji, na wewe atakupokea.