Utulivu wa Uweso

Pale Usagara, kwenye benchi lililo mbele ya duka la rangi la Velji, watu hunywa kahawa na kuharibu elimu za wenzao. Wiki hiyo ilikuwa zamu ya yoga. Aliyeileta ni Uweso, waliyembandika jina la Presha, maana daktari alishamwambia hasira zitakuja kumuua. Akaanza kwenda Raskazone kwa bibi mmoja, Shelina, anayefundisha watu kukaa kitako na kutuliza nafsi. Haikupita siku nyingi mkewe, Mwatumu, akamkuta kakunja miguu juu ya mkeka wa wageni, macho kayafumba, akacheka. Uweso akamfokea mpaka mtaa wa pili wakasikia, kisa kavurugiwa utulivu. Mwatumu akafunga begi, akarudi kwao Mkwaja.

Mambo kama hayo mume huenda ukweni na wazee wake, wakaombe radhi, mke arudi. Wazee wenyewe ndio hao wa benchi. Lakini Uweso aliona aibu, akatafuta pa kujifichia, akapaona kwenye yoga.

— Shelina anasema tusing'ang'anie kitu. Sasa nikimfuata, si nimeng'ang'ania?

Luqmani, anayeitwa Hakimu kwa kupenda kutoa hukumu, akampa haki palepale. Akaeleza kwamba pumzi za mtu zimehesabiwa tangu tumboni, na safari ya ukweni humaliza za mwaka mzima. Velji yoga hajawahi hata kuiona, ila walishamfanya mtaalamu kwa kuwa babu yake alitoka Bara Hindi, naye hakutaka kuwaangusha. Akasema mume aliyetulia sawasawa humvuta mkewe kwa mawazo tu, akaja mwenyewe na begi lake. Uweso akafumba macho, akajaribu. Wallahi alikuwa amemkumbuka Mwatumu, nyumba haikaliki.

Alipofumbua, Ibrahimu alikuwa mbele yake, mdogo wake Mwatumu, aliyekuja mjini kununua vipuri vya bodaboda. Kijana aliwaamkia wote shikamoo, akapewa kikombe, akayasikiliza yale mafundisho mpaka mwisho.

— Shemeji, gari la Mkwaja linaondoka sasa hivi, na dada kaniagiza nikuulize. Nguo zake bado zimo begini. Azitoe azipange kabatini kwa mama, au asizitoe?

Velji akaingia dukani, ingawa hakukuwa na mteja. Neno lilikuwa limeshamfika Uweso mdomoni: asizitoe. Akamtazama Luqmani kwanza, kama mtu anayengoja hukumu.